Mvumo wa Amplifaya Ndogo

"Zima," Mama alisema. "Mnanipigia masufuria."

Baba alikuwa amepiga magoti nyuma ya spika, unaona mgongo tu, waya mwekundu kaung'ata kwa meno. Mimi nilikuwa nimemshikia tochi. Wimbo uliokuwa ukitoka ulikuwa wa kwaya ya Mama mwenyewe, ule aliowafundisha mstari kwa mstari mpaka wakawa wanauota, na masikioni mwangu ulikuwa unatoka safi kabisa. Nilimgeukia. Alikuwa amekaa kwenye kochi lake la pembeni, mkono wa kushoto umelala mapajani kama kitu alichoachiwa amshikie mtu, uso ameukunja kama aliyetafuna mchanga kwenye mboga.

"Mbovu ni hizo spika," alisema. "Mimi nawaambia ni hizo spika."

Baba aliutoa waya mdomoni. "Tutazipata zinazofaa, Mwalimu. Usijali."

Baba alikuwa fundi wa vitasa na funguo, na dunia nzima aliiona kwa jicho hilo. Kwake yeye hakukuwa na mlango uliokataa kufunguka, kulikuwa na ufunguo ambao haujapigwa tupa ya kutosha. Tabia hiyo ilitulisha na ilinisomesha, na ilimfanya awe mtu wa kuchosha kuishi naye. Bawaba ya kabati ikilia, chakula kinapoa mezani mpaka aijue sababu. Kwa hiyo Mama aliporudi kutoka hospitali akasema redio imeharibika, Baba hakuuliza mara mbili. Alikwenda kuchukua bisibisi.

Ngoja niseme kwanza Mama alikuwa nani, maana aliyekutana naye baada ya kiharusi hakukutana naye. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, na Baba pia alimwita hivyo, mwanzoni kwa utani, baadaye kwa sababu jina jingine lilikuwa limeshapotea. Alifundisha kwaya. Sauti yake haikuwa kubwa. Alichokuwa nacho ni sikio. Ukumbi mzima ungeweza kuwa unaimba kwa nguvu zote, naye akamsikia mama mmoja wa safu ya nyuma ambaye sauti yake imeanza kuteremka. Hakuwa akimkemea. Alinyanyua kiganja, kimelala kama anayebeba sinia, akakipandisha polepole mpaka yule mama arudi mahali pake.

Kiganja hicho kilihamia nyumbani. Mtu akiosha vyombo huku anaimba, akiteremka tu, aliye karibu ananyanyua kiganja. Hakuna kusema neno. Unapandisha sauti, unaendelea na vyombo vyako. Mimi nilikijua kiganja kabla sijajua kusoma. Siku moja shangazi yangu alikuja kutusalimu, akaimba kidogo huku anavua viatu mlangoni, nikampandishia. Mama alinichapa kwa kukosa adabu, kisha akanivuta pembeni akaninong'oneza kwamba kweli alikuwa ameteremka.

Aliyekula viganja kuliko wote alikuwa Baba. Alikuwa na kawaida ya kupiga mluzi akichonga funguo, na Mama alisema mluzi ule unafuata tupa, haufuati wimbo wowote uliowahi kutungwa. Baba alipandishiwa kiganja asubuhi, mchana na jioni, na maisha yake yote hakuwahi kumpandishia mtu. Angeanzia wapi? "Kwangu mimi nyote mko sawa," alikuwa akisema. "Mkiimba, mkigombana, sioni tofauti."

Kiharusi kilimkuta Mama anapiga pasi. Sitaki kuieleza siku hiyo. Alipotoka hospitali ulimi wake ulikuwa mzima, akili yake nzima, majina yetu yote anayo, mguu unavuta kidogo, na mkono wa kushoto mvivu. Majirani walisema tumshukuru Mungu, tukamshukuru. Jioni ile ile ya kurudi akaomba awekewe kaseti ya kwaya yake.

"Nini hiki?" aliuliza.

"Ni nyinyi, Mama. Ule mliorekodi ukumbini."

"Najua ni upi, maneno si nayasikia. Kwa nini wanagonga masufuria?"

Nikamwambia labda masikio bado yamechoka. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mwanafunzi mzito. "Mtangazaji wa habari namsikia," alisema. "Muuza maji huko nje namsikia. Wewe hapo unavyobuni visingizio nakusikia. Wakianza kuimba tu ndiyo masufuria. Kama ni masikio, mbona yanachagua?"

Tukaamini ni redio. Na redio yetu ilikuwa kuukuu kweli, hilo nalo lilitusaidia kuamini. Lakini tuliamini zaidi kwa sababu katika nyumba yetu sikio la Mama ndilo lililokuwa likimaliza kesi. Lingesema kuku kaimba nje ya nota, tungemtafuta kuku.

Wanakwaya walikuja kumwona, wakajaa sebuleni mpaka wengine wakakaa juu ya meza. Walimwambia hawatafuti mwalimu mwingine, watamngoja. Mama aliwajibu kwamba atarudi, ila wampe muda alizoeshe sikio nyumbani kwanza, akishapata chombo kinachoeleweka. Baba alikuwa amesimama mlangoni na birika la chai, nikamwona anavyolishika neno hilo. Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yake. Akipata chombo kinachoeleweka, mkewe atarudi kwenye kwaya. Asipokipata, sikuwa tayari hata kuliwaza. Mama bila kwaya tulikuwa hatumjui, na nadhani yeye mwenyewe alikuwa hajijui.

Hospitali ilikuwa imetukausha, kwa hiyo amplifaya aliyoimudu Baba ilikuwa ndogo kama tofali, ina kitufe kimoja cha kuzungusha na taa moja ya bluu. Kwaya ikatuazima spika za ukumbini, makabati mawili ambayo yalitulazimu tuiondoe meza ya chakula. Tulipoziunganisha, sauti ilitoka imebanwa kama mtu anayeongea huku amebebwa mgongoni, na amplifaya ikawa ya moto huwezi kuishika. Hapo ndipo Baba akamwita Waya.

Waya alikuwa fundi wa redio wa barabara ya nyuma. Alikuwa mwembamba kweli, lakini jina alipewa kwa sababu mifukoni mwake hukosi kukuta kipande cha waya. Alizunguka yale makabati, akaiwekea sikio amplifaya kama anasikiliza mtoto anavyopumua.

"Mzee, haka kamashine ni kadogo," alisema. "Wewe unakapa mzigo wa lori."

"Nikaongeze sauti?"

"Ukikaongeza kanakufa. Hizi spika ni nzito, halafu ni za omu nne, hazizuii umeme, zinakanyonya. Tafuta nyepesi, za omu nane, zile zinazoitikia hata ukizinong'oneza. Kamashine hakana ubaya. Kamepewa wenza wasiokafaa."

Baba alizunguka maduka yote ya vitu vya mtumba. Alirudi siku moja mchana amekumbatia spika mbili za karatasi, pana, nyepesi, zilizotolewa kwenye redio ya zamani ya kabati, amezifunga kwa shuka. Alitembea nazo kifuani barabara nzima, watu wakimsalimu anaitikia kwa kidevu. Waya alizitengenezea maboksi ya mbao, akazielekeza kwenye kochi la Mama, akapima umbali kutoka ukutani kwa unyayo wake.

Sijawahi kusikia kitu kama kile. Sauti za kwaya zilitoka zikasimama chumbani kila moja mahali pake, hata nikamtambua yule mama wa safu ya nyuma. Nilisikia Mama anavyogonga mguu kuwaanzishia, miaka mingi nyuma, na mguu ulikuwa mzima. Nikamtazama.

"Afadhali," Mama alisema.

Baba alikaa chini sakafuni.

"Afadhali kidogo," Mama akarudia. "Sasa masufuria ni madogo."

Neno hilo ndilo lililotumaliza. Angesema hakuna tofauti, labda tungeacha, tungekwenda kuuliza maswali mengine kwa watu wengine. Lakini alisema afadhali, na Baba alikuwa mtu ambaye kitasa kikigeuka hata unywele mmoja haondoki mlangoni. Kama spika zimesaidia, alisema, basi tatizo linaanzia huko nyuma, kabla sauti haijafika kwenye amplifaya. Waya akasema kuna kiboksi kinachotangulia, kinaitwa priampu, chenyewe kinaipokea sauti ikiwa changa kutoka kwenye deki ya kaseti, kinaikuza, ndipo kinaikabidhi amplifaya iisukume.

Priampu ya kwanza ilikuwa na pupa, amplifaya ikazidiwa ikaanza kuipasua sauti. Ya pili ilikuwa imechoka, kila wimbo ulitoka kama umetoka kulia. Ya tatu Waya aliiunda mwenyewe, yenye vitaa vya kioo ndani vinavyowaka rangi ya makaa, na hiyo ndiyo ilikubaliana na kile kitofali chetu. Ilikuwa na kasoro moja. Wimbo ukiisha, ilibaki inavuma. Uuuu, chini kabisa, sauti moja, haikomi mpaka uchomoe. Waya alikata waya, akafunga mwingine, akaufukia mmoja ardhini nje ya dirisha. Mvumo ulipungua, haukuisha.

Siku aliyokuja na bati la kuufunikia nilimsindikiza hadi kwenye ngazi. Nilikuwa nimetoka kazini, bado nimevaa sare ya mapokezi ya kliniki ya meno.

"Dada, nikuulize kitu usinikasirikie," alisema.

"Uliza."

"Hivi vitu vimeshaoana. Sijawahi kusikia kamashine ka bei ile kakaimba hivi. Mama anataka nini tena?"

"Anataka visigonge masufuria."

"Havigongi."

"Najua havigongi," nilisema.

Ilikuwa mara ya kwanza kulitoa neno hilo nje ya kichwa changu. Kisha Waya akaning'iniza begi lake begani, akasema ataupunguza ule mvumo kesho, nami nikasema sawa, na wote wawili tukajitia hamnazo.

Kesho yake ilikuwa siku ya mapumziko. Baba alikuwa amefagia sebule, amemvalisha Mama kitenge alichokuwa akivaa kwaya ikiwa na shughuli. Waya alifunga skrubu ya mwisho. Baba akabonyeza deki mwenyewe, akarudi nyuma, akasimama mikono ameikunja kifuani kama anayesubiri picha ipigwe.

Mama alisikiliza ubeti mzima. Nilimwona anavyojitahidi. Aliinamisha kichwa huku, akakiinamisha kule, akafumba macho, na kila aliposhindwa kitu fulani kilikuwa kinazima usoni mwake.

"Zima," alisema.

Baba alizima. Ukabaki ule mvumo.

"Nimechoka kuwaeleza," Mama alisema. "Mnanitazama kama mimi ndiye mbovu. Niacheni niimbe mwenyewe, msikie unavyotakiwa kuwa."

Alijiinua akakaa sawa. Akavuta pumzi pale pale alipotufundisha sote kuvuta, chini, tumboni, na akaimba.

Maneno yote yalikuwa mahali pake. Mapigo hayakukosea hata moja. Mguu wake mzima ulikuwa ukigonga sakafu sawasawa. Lakini wimbo haukuwemo. Sauti ilipanda mahali pa kushuka, ikashuka ikakaa huko, ikarukia mahali ambapo hakuna mtu aliyewahi kuipeleka, na usoni mwake kulikuwa na utulivu wa mtu anayepita njia ya nyumbani kwake. Mikono yangu naifahamu, kwa hiyo niliisukuma chini ya mapaja nikaikalia. Waya aliinama akashika waya ambao haukuwa na tatizo lolote.

Na Baba akanyanyua kiganja.

Sijui kama alijua anachofanya. Baba huyu, ambaye kwake kuimba na kugombana ni mamoja, alisimama katikati ya sebule aliyoifagia, na kiganja chake chenye mikwaruzo ya chuma kikaanza kupanda polepole, kimelala, kama anayebeba sinia. Usoni alikuwa na mshangao unaokaribia furaha, kama mwanafunzi wa mkiani ambaye siku moja jibu limemjia. Kisha akaona alipokielekeza.

Mama alikuwa ameshanyamaza. Alikuwa anakitazama kiganja.

"Hata wewe?" aliuliza.

Hakuwa na hasira. Ningeshukuru kama angekuwa na hasira. Baba alikiangalia kiganja chake mwenyewe, akakikunja, akakitia mfukoni na mkono wote.

"Mwalimu, mimi najua nini kuhusu nyimbo," alisema. "Mimi sijui kitu."

"Ndiyo maana nakuamini," Mama alisema.

Daktari alitueleza baadaye, mimi na Baba, kwenye chumba chenye picha ya kichwa kilichokatwa katikati. Alisema mazungumzo na nyimbo havipiti njia moja kichwani, na kwa Mama njia moja ndiyo iliyofungwa. Baba aliuliza kama inafunguka. Daktari alisema mara chache, kidogo, kwa wengine. Baba aliitazama ile picha muda mrefu, na najua alikuwa anatafuta tundu la ufunguo.

Mama hakuhitaji kuelezwa. Alinituma kwa wanakwaya niwaambie watafute mwalimu mwingine, na nisikae kuwasikiliza wakilia. Kaseti zake aliniambia nizipeleke kwangu nitakapokuwa na kwangu. Hakulia mbele yetu hata siku moja, na mimi nilikuwa naomba alie, maana kukaa na mtu aliyenyamaza vile ni kama kukaa na maiti inayokunywa chai. Nimelisema, na silifuti.

Waya alipokuja kuchukua priampu yake, alichomoa deki ya kaseti kwanza. Alipogusa priampu yenyewe Mama akasema, "Acha."

"Mama, hii bila deki haina kazi. Itakuwa inavuma tu."

"Nasikia. Acha ivume."

"Basi nikuondolee angalau huu mvumo..."

"Usiuguse," Mama alisema. "Huo ndio wenyewe. Huo haugongi."

Waya alinitazama mimi. Kisha alirudisha bisibisi mfukoni, akaaga, na kiboksi chake hakukiulizia tena mpaka leo. Ninacho mimi sasa, pamoja na kile kitofali na zile spika za karatasi. Mume wangu huuliza kwa nini siviuzi.

Ikawa hivyo. Kila mchana Mama alikaa kwenye kochi, vile vitaa vikiwaka ndani ya boksi, spika ambazo Baba alizibeba kifuani zikimtolea sauti moja. Tulitafuta dunia nzima kitu cha kumrudishia kwaya, na tulichompatia ni kasoro. Baba aliacha kupiga mluzi. Alichonga funguo zake dirishani kimya, tupa peke yake ikisema, na mimi niliosha vyombo kimya. Hakuna aliyetuzuia kuimba. Hakuna aliyethubutu.

Mchana mmoja, mvua imetoka kunyesha, nilikuwa kwenye karo la jikoni, mlango wa sebuleni uko wazi. Baba alikuwa dirishani na funguo zake. Mama alikuwa amefumba macho, nikadhani amelala. Nikaona mkono wake wa kulia unanyanyuka kutoka mapajani. Kiganja kilijilaza, kikaanza kupanda taratibu, kama zamani, kama anamrudisha mtu mahali pake.

Nilisikiliza kwa kila nilicho nacho. Mvumo ulikuwa pale pale. Haukuwa umeteremka hata chembe. Ni umeme tu, ungeweza kuutumia kupimia sauti za kwaya nzima.

Baba alikuwa ameacha kuchonga. Alimtazama Mama, akakitazama kiganja, kisha akanigeukia mimi. Yeye asingeweza kujua. Ilibidi aniulize, na aliniuliza kwa midomo tu, bila sauti, uso wote ukiwa umefunguka namna ambayo sikuwa nimeuona tangu siku ile ya pasi.

"Umeteremka?"

"Ndiyo," nilimwambia. "Kidogo."

Kiganja cha Mama kilifika juu, kikasubiri, kikarudi mapajani kimeridhika. Baba aliitikia kwa kichwa mara nyingi, peke yake. Akachukua tupa, akaushika ule ufunguo, na baada ya kitambo akaanza kupiga mluzi. Alikuwa ameteremka vibaya sana. Nami mikono yangu niliiacha ndani ya maji.